Mpira wa Kwanza wa Mtoto: Tuuchague kwa Mwili Wake wa Leo



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuharisha, chanjo na lishe ya watoto wetu. Mwezi huu tunaomba tuongee juu ya kitu ambacho huenda hamkutegemea kukikuta hapa, yaani mpira. Tunataka tujifunze pamoja namna ya kumchagulia mtoto mpira wake wa kwanza wa miguu. Hatukuchagua somo hili kwa ushabiki wa timu fulani. Tumelichagua kwa sababu ya yale tunayoyaona katika chumba cha majeruhi hospitalini kwetu, hasa shule zinapofungwa.

Tuanze na mtoto mmoja tuliyemhudumia. Alikuwa mvulana wa miaka 8. Baba yake, baada ya kuuza maharage, alimletea kutoka mjini mpira mzuri, mweupe wenye mabaka meusi. Ulikuwa mpira wa kwanza wa dukani kuingia katika nyumba ile, na kabla jua halijatua majirani wote walikuwa na habari. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote uwanjani, kaka zake wakamweka golini, kama ilivyo desturi. Kaka mmoja wa kidato cha pili akapiga shuti. Mtoto akanyosha mikono kuudaka, na mpira ukamkunja kiganja kwa nyuma. Akalia, akaambiwa ajikaze, mwanaume halii.

Usiku mkono ukavimba. Akapelekwa kwa mzee anayechua, akachuliwa kwa maji ya moto siku tatu. Siku ya nne mama yake akamleta kwetu. Mkono ulikuwa umepinda juu kidogo ya kifundo, na mtoto hakukubali hata shuka imguse. Eksirei ilionyesha kuwa mfupa umevunjika.

Baba alipofika jioni alituuliza, "Sista, kumbe mpira nao unavunja mfupa?" Tukamwomba auleta tuuone, na kesho yake akauleta. Ulikuwa mpira namba 5, umejazwa upepo mpaka umekuwa kama jiwe. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Nilichagua mkubwa ili akue nao. Sikujua kama kuna mipira ya watoto."

Ndugu wazazi, baba yule hakukosa upendo. Alifanya kama tunavyofanya wengi wetu. Sare ya shule tunanunua pana ili ivaliwe miaka mitatu. Viatu tunanunua vikubwa, tunajaza makaratasi mbele. Kwa nguo hakuna hatari kubwa, maana sare pana haimvunji mtoto mkono. Lakini mpira hautulii mwilini kama nguo. Mpira hupigwa, ukarudi kwa nguvu na kumgonga mtoto mkononi, kifuani, usoni na kichwani. Kwa hiyo mpira haununuliwi kwa mwili atakaokuwa nao mtoto miaka mitano ijayo. Unanunuliwa kwa mwili alio nao leo. Hilo ndilo fundisho letu la mwezi huu, na yanayofuata ni maelezo yake.

KWA NINI MPIRA WA WAKUBWA UNAMDHURU MTOTO

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu mzima akishika mpira dukani huuona mwepesi kama usufi. Lakini hebu tufanye hesabu. Mpira wa watu wazima una uzito wa gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuwa na kilo 25, na baba yake kilo 75, yaani mara tatu. Basi kwa mtoto yule, mpira ule ni sawa na baba kupigiwa mpira wa kilo moja na robo. Nani kati yetu angekubali kusimama golini kudaka mzigo kama huo?

Jambo la pili ni mifupa yenyewe. Mfupa wa mtoto bado unarefuka. Karibu na ncha zake kuna tabaka laini, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Tabaka hilo huwa gumu na kufunga mwishoni mwa ujana, na wasichana huwatangulia wavulana. Kabla ya hapo, sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingeteua kifundo tu, kwa mtoto linaweza kuvunja mfupa mahali pale pale unapokulia. Pasipotibiwa vizuri, mfupa unaweza kukua umepinda, au ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Haya si mawazo yetu tu. Mwaka 2001 madaktari nchini Uingereza walichapisha taarifa juu ya magolikipa watoto, wa miaka 6 hadi 15, waliovunjika mfupa wa mkono karibu na kifundo wakiwa wanazuia mpira. Walitazama ukubwa wa mipira iliyotumika, wakashauri watoto wachezee mipira inayolingana na umri wao. Kilichotokea kwa mvulana wetu ndicho kilichowatokea watoto wale wa mbali.

Jambo la tatu ni miguu. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, watoto wengi wanaocheza sana hulalamika maumivu ya kisigino au ya chini tu ya goti. Maumivu hayo hutokea pale msuli unapovuta sehemu laini ya mfupa unaokua. Mpira peke yake sio unaoyaleta, maana kukimbia na kuruka kunachangia sana. Lakini kupiga kutwa nzima mpira mzito kunaongeza mvuto huo. Tena mtoto aliyezidiwa na mpira hujifunza vibaya. Huupiga kwa ncha ya kidole, huku mwili umeegemea nyuma, kwa sababu bila kufanya hivyo mpira hauendi. Mpira unaomfaa humwezesha kutumia mgongo wa mguu na ndani ya mguu, na hivyo ndivyo mchezaji anavyotakiwa kuanza.

NAMBA ZA MIPIRA

Mipira ya miguu ina namba, kama viatu. Kwa kawaida namba imechapwa karibu na tundu la kujazia upepo. Zilizo muhimu kwetu ni tatu:

Namba 3. Ni ya watoto wadogo, hadi miaka 8 hivi. Ukiuzunguka katikati kwa uzi unapata karibu sentimeta 58 hadi 61. Uzito wake ni karibu gramu 300 hadi 340.

Namba 4. Ni ya watoto wa miaka 9 hadi 12 hivi. Mzunguko wake ni karibu sentimeta 63 na nusu hadi 66, na uzito gramu 350 hadi 390.

Namba 5. Ni ya kuanzia miaka 13, na ndiyo inayotumika katika mechi za watu wazima. Sheria ya pili ya mchezo wa mpira wa miguu inataka mzunguko wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 wakati mechi inapoanza.

Iko pia mipira midogo zaidi, namba 1 na namba 2. Hiyo inamfaa mtoto mdogo anayejifunza kukimbia, acheze uani na wazazi wake.

Mtaona kuwa namba 5 ni mzito kuliko namba 3 kwa karibu theluthi moja. Mkononi tofauti hiyo ni ndogo, lakini mpira ukija kwa kasi mtoto anaijua.

Umri huu si amri. Tunawajua watoto wa miaka 10 wenye mwili wa miaka 7, ama kwa asili yao, ama kwa kuugua muda mrefu. Mtoto akiwa mdogo wa mwili, mwacheni katika namba ya chini kwa mwaka mmoja au miwili zaidi, wala asichekwe. Mkiwa na mashaka kati ya namba mbili, chukueni iliyo ndogo.

KUPIMA DUKANI KWA UZI NA RULA

Namba iliyochapwa haitoshi, maana mipira mingine ya bei rahisi huchapwa namba isiyolingana na mpira wenyewe. Msione haya kupima. Chukueni uzi na rula ya mtoto ya sentimeta 30. Zungusheni uzi katikati ya mpira uliojazwa upepo, pale ulipo mnene kabisa, wekeni alama, kisha nyosheni uzi juu ya rula.

Uzi ukiwa rula mbili kamili, au ukikaribia hapo, huo ni namba 3. Ukiwa rula mbili na upana wa vidole viwili au vitatu, ni namba 4. Ukiwa rula mbili na upana wa kiganja bila dole gumba, ni namba 5. Mwenye futi ya fundi cherehani atapata jibu haraka zaidi.

Kama dukani kuna mizani ya sukari, mwombeni mwenye duka auweke mpira hapo. Mpira namba 3 unaopita gramu 400 si mpira wa mtoto, hata kama umechorwa vikatuni.

UPEPO

Mpira wa namba sahihi uliojazwa kupita kiasi bado ni hatari. Watoto wengi hudhani kuwa mpira mzuri ni ule unaolia "ti!" ukidunda. Kwa mdogo, mpira kama huo ni jiwe lililovikwa ngozi.

Kwenye mipira mingi kiasi cha upepo kimeandikwa karibu na tundu, na huwa ni kuanzia kiasi fulani hadi kingine. Kwa mtoto fuateni kile cha chini. Asiye na kipimo atumie vidole gumba. Shikeni mpira kwa mikono miwili na kuubonyeza kwa nguvu. Ukibonyea kidogo na kurudi, unafaa. Usipobonyea kabisa, punguzeni upepo. Kidole kikizama, ongezeni.

Kumbukeni pia kuwa jua huongeza nguvu ya upepo ndani ya mpira. Uliojazwa asubuhi ukiwa baridi, ukaachwa juani hadi saa nane, utakuwa mgumu zaidi. Uwekwe kivulini.

Hapa tuna onyo moja kali. Sindano ya kujazia mpira ni ile butu, ya chuma, inayouzwa pamoja na pampu. Kamwe mtoto asitumie sindano ya hospitali aliyoiokota. Sindano iliyotumika inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na mchomo mmoja unatosha kuleta balaa. Mtoto akiwa amechomwa, osheni mahali pale kwa maji mengi na sabuni, msipakamue, na mleteni kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, na haianzwi tena baada ya saa 72. Na ile tabia ya kulamba sindano ya pampu kabla ya kuichomeka tuiache. Tone la maji safi linatosha.

NGOZI NA MSHONO

Pitisheni kiganja juu ya mpira wote. Je, kuna uzi uliotokeza? Kuna kingo za vipande zilizoinuka? Tundu la upepo limechomoza nje? Kasoro kama hizo huchubua ngozi na zinaweza kumuumiza mtoto jichoni. Kisha uzungusheni hewani. Unaoyumba hauko mviringo, na mtoto hataweza kujua unakoelekea.

Ngozi laini kidogo ni bora kuliko ile ngumu inayong'aa kama ndoo. Mipira ya zamani ya ngozi halisi ilikuwa na tatizo jingine. Ilinyonya maji, na wakati wa mvua uzito wake uliongezeka sana. Mipira ya sasa ya ngozi ya bandia hainywi maji kwa kiasi hicho, lakini uliochakaa na kufumuka mshono unaweza kuloa ndani. Huo usichezewe wakati wa mvua.

KICHWA

Wazazi wengi hufurahi kumwona mtoto wao akiupiga mpira kwa kichwa. Hapa tunaomba tusikilizane kwa makini.

Huko Uingereza alikuwapo mshambuliaji maarufu, Jeff Astle, wa klabu ya West Bromwich Albion, aliyesifika kwa kufunga magoli ya kichwa. Alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59, akili yake ikiwa imeharibika. Mwaka huo huo afisa anayechunguza vifo alitamka kuwa ugonjwa uliomuua ulitokana na kazi yake, yaani kupiga mpira kwa kichwa mara nyingi mno. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland. Waliona kuwa wachezaji hao walikufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo karibu mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine wa umri wao.

Msituelewe vibaya. Hao walikuwa wachezaji wa kulipwa, waliocheza miaka mingi. Hatusemi kuwa mtoto aliyepiga kichwa mara moja ataugua. Lakini wenye mpira wenyewe wamechukua tahadhari. Mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilielekeza kuwa watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini. Shingo ya mtoto bado ni dhaifu na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili. Pigo humtikisa kuliko mtu mzima.

Basi nyumbani kwetu tuweke kanuni rahisi: mpira wa kwanza ni wa miguu tu. Kichwa kingoje.

VIPI MPIRA WA MATAMBARA?

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikua na mpira wa matambara, na chandimu tumeicheza hadi giza likaingia. Je, mpira ule ni mbaya? La. Kwa mtoto mdogo una sifa nzuri. Ni laini, haudundi sana, na mtoto huutengeneza kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe. Mara nyingi unamfaa kuliko namba 5 ya dukani. Mzazi asiye na fedha asijione mnyonge.

Lakini ukaguliwe. Kwanza, ndani kuwe na matambara na makaratasi tu. Pasiwe na jiwe la kuongeza uzito, waya wala chupa. Pili, kamba ifungwe ikaze, isiachwe mkia mrefu wa kumnasa mguu anayekimbia. Tatu, mifuko ya plastiki isiachwe karibu na mtoto mchanga, maana akijifunika usoni hukosa pumzi. Nne, watoto wasiokote glavu wala kitu kingine chochote kwenye jalala la hospitali au zahanati ili kutengenezea mpira.

MABINTI ZETU

Wasichana nao wanacheza mpira wa miguu, na namba zao ni zile zile. Wengi tena wanacheza mpira wa pete. Mpira wa pete wa watu wazima ni namba 5, wenye mzunguko wa sentimeta 69 hadi 71 na uzito wa gramu 400 hadi 450. Kwa msichana wa shule ya msingi ambaye bado ni mdogo, namba 4 ni bora. Mchezo huu ni wa kudaka kwa vidole, na mpira mkubwa kwa mkono mdogo hurudisha kidole nyuma, kikateuka au kuvunjika. Kipimo rahisi ni kumwangalia akiudaka. Ikibidi aukumbatie kifuani kila mara kwa sababu vidole havitoshi kuushika, ni mkubwa kwake.

MTOTO AKIUMIA

Hata tukichagua vizuri namna gani, mchezo ni mchezo. Mkono ukiumia, ukavimba au mtoto akashindwa kuutumia, tufanye hivi:

1. Msiuvute, msiunyoshe, na msiuchue. Kuchua mfupa uliovunjika huuhamisha zaidi na kuongeza uvimbe. Tunalisema hili kwa heshima kwa wazee wetu wanaochua, maana wapo wanaosaidia misuli iliyochoka. Lakini mfupa wa mtoto uonwe kwanza kwa eksirei.

2. Ulazeni mkono juu ya ubao mwembamba au boksi gumu lililokunjwa, mfunge kwa kitambaa bila kukaza, kisha mwuning'inize shingoni kwa kanga. Vidole vionekane. Vikiwa baridi, vyeupe au vya bluu, legezeni kitambaa.

3. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Njiani msimlishe, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi ili mfupa urudishwe.

Akipigwa kichwani, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, hata akisema amepona. Aangaliwe kwa karibu usiku mzima. Mkiona anatapika mara kwa mara, analala usingizi usio wa kawaida, anaongea ovyo, kichwa kinazidi kuuma, mboni za macho hazilingani, anapata degedege au amezimia, msingoje kupambazuke. Mleteni mara moja.

TUNAWEZAJE KUMUDU?

Mama mmoja katika kliniki ya watoto alituuliza, "Sista, mtoto ana miaka 7. Mkisema ninunue namba 3, halafu namba 4, halafu namba 5, hiyo ni mipira mitatu. Nitaipata wapi fedha?" Ni swali la haki.

Jibu letu ni kwamba mpira si lazima uwe wa nyumba moja. Familia tano au sita za jumuiya moja zinaweza kuchangia na kununua namba 3 mmoja na namba 4 mmoja. Mtoto akikua, humwachia mdogo wa jirani na kuhamia namba inayofuata, kama tunavyoachiana nguo za watoto wachanga. Wakubwa wana namba 5 yao. Na wakubwa na wadogo wakicheza pamoja, utumike mpira unaomfaa aliye mdogo kuliko wote. Kijana wa sekondari haumizwi na namba 3, ila mdogo huumizwa na namba 5. Tena kijana aambiwe wazi asimpigie mdogo shuti kwa nguvu zote.

Na jambo la mwisho haligharimu fedha: mzazi awepo. Siku ya kwanza ya mpira mpya, toka nje ukae hata nusu saa. Mwangalie mtoto anavyoupiga. Je, unaenda anakotaka? Anaukimbilia, au anaukwepa ukimjia? Mtoto anayefumba macho na kugeuza uso kila mpira unapomjia si mwoga. Anawaambia kuwa mpira huo si wake bado.

Yule mvulana wetu alikaa na plasta ngumu kwa majuma sita. Kwa kuwa alicheleweshwa, ilibidi alazwe na mfupa urudishwe akiwa usingizini. Plasta ilipofunguliwa mkono ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa umenyooka. Tukamwita tena kila baada ya miezi michache tuone kama unakua sawa na mwenzake. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na mpira kwapani. Tulimwambia auonyeshe, na bila kuulizwa akatutajia: "Namba tatu." Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, akacheka. Ule wa namba 5 aliwapa kaka zake.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Mpira tulio nao nyumbani au shuleni ni namba ngapi? Tumeupima kwa uzi?
2. Nani hukaa golini watoto wetu wanapocheza, na ana umri gani?
3. Watoto wetu hujaza upepo kwa kifaa gani?
4. Katika jumuiya yetu, ni familia zipi tunaweza kushirikiana nazo kununua mipira ya watoto wadogo?